Hesabu za kijana zimenishinda, nijitoe?

SWALI: Mwanangu ana miaka 15. Hesabu zake siziwezi tena, na hataki nionekane shuleni kwao. Nimwachie walimu?

JIBU: Usijitoe, badili namna ya kumsaidia. Watafiti Hoover-Dempsey na Sandler wanataja vichocheo vya mzazi kushiriki masomo ya mwanawe: kuona ni wajibu wake, kuamini anaweza, na kualikwa. Kwako viwili vya mwisho ndivyo vimelegea, na si ajabu. Shule nyingi humwita mzazi wa kijana kukiwa na kesi tu.

Hesabu si hoja. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na watafiti Hill na Tyson (2009) ulionyesha kuwa katika umri wa kubalehe, kuzungumzia malengo na thamani ya elimu huambatana na ufaulu zaidi kuliko kusaidia kazi za nyumbani. “Umesoma?” hujibiwa “ndiyo”, basi. Muulize: “Leo swali lipi limekukwamisha, na utamuuliza nani?”