Maji ya asidi, chokaa na Mto Lubumbashi

SWALI: Tuna kiwanda kidogo Kampemba, tunaloweka mawe ya shaba na kobalti kwa asidi. Kila siku tunatoa maji machafu karibu mita za ujazo 40, pH yake 2, yaani asidi kali. Tunamwaga mifuko ya chokaa ndani ya bwawa, lakini leo pH ni 4, kesho 11, na mama zetu wanaolima lengalenga kule chini wanalalamika. Je, tupunguze uzalishaji ndipo mto upone?

JIBU: Msipunguze kwanza. Pimeni shaba iliyomo katika maji hayo. Maabara ikikuta miligramu 300 kwa lita, basi kila siku mnamwaga kilo 12 za shaba mtoni, mali mliyokwisha kuilipia asidi, umeme na mishahara. Mto Lubumbashi unaipeleka Kafubu, Kafubu inaipeleka Luapula.

Chokaa inayomwagwa bwawani kwa mfuko haifanyi kazi kwa sababu huyeyuka kidogo sana, kama gramu moja na nusu tu kwa lita. Donge likigusana na asidi hufunikwa na ganda la jasi, na ndani linabaki zima. Pembeni mwa donge pH hupanda hadi 11, katikati ya bwawa bado ni 4. Siku mvua inapokoroga, donge linapasuka na vipimo vinaruka.

Fanyeni kwa matangi mawili yenye vikorogeo. Mkisukuma maji kwa saa 16, ni mita za ujazo 2.5 kwa saa, kwa hiyo tangi lenye nafasi ya mita za ujazo 3.5 linatosha kuyashika saa moja. Katika tangi la kwanza tieni unga laini wa mawe ya chokaa, kama yale ya Kakontwe, hadi pH 3.5. Hapo chuma kilichokwisha kuoksidishwa hugeuka tope la kahawia, shaba ikibaki majini. Msizidishe: karibu na pH 5 shaba nayo huanza kuzama na mnaitupa pamoja na chuma. Acheni robo ya tangi wazi, maana mawe hayo hutoa gesi na povu hupanda haraka. Tope hilo lichujeni na kulitenga kabla ya kuendelea.

Tangi la pili ni la maziwa ya chokaa: kilo 100 za chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji ikatulia) katika mita moja ya ujazo ya maji. Pandisheni pH hadi 9.2. Shaba huzama mapema, kobalti ndiyo inayodai pH hiyo. Pulizeni hewa pia, ili chuma cha kijani, ambacho hakikuoksidishwa na kikaponyoka tangi la kwanza, kizame, pamoja na sehemu ya manganizi. Kupita 10 ni hasara: chokaa iliyozidi itabaki kwenye tope, na mtakaporudisha tope hilo kulowekwa, itakula asidi yenu. Shaba yenyewe tayari inadai karibu kilo moja na nusu ya asidi kwa kila kilo ili iyeyuke tena, kwa hiyo pigeni hesabu kabla ya kushangilia.

Kiasi cha chokaa msikikisie. Chukueni ndoo ya lita 10 za maji yenu yaliyokwisha kutoka tangi la kwanza, ongezeni maziwa hayo mililita 50 kila mara, korogeni dakika 15, pimeni. Mkifika 9.2 baada ya mililita 500, mmetumia gramu 50, yaani kilo 5 kwa mita ya ujazo: kilo 200 kwa siku, mifuko 8 ya kilo 25. Rudieni jaribio kila mnapobadilisha mawe ya kulowekwa.

Kinachoharibika mara nyingi si pampu, ni kipimo cha pH. Jasi hujenga ngozi juu ya kijiti chake, nacho kinaendelea kusoma 9 wakati maji yamekwisha kushuka hadi 6. Kisugueni taratibu na kukiosha kwa asidi hafifu kila zamu, halafu kirekebisheni kwa vimiminiko vya pH 4, 7 na 10. Na mnapozima chokaa wenyewe, chokaa iingie ndani ya maji kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya chokaa kavu, yanachemka na kuruka machoni.

Mvua ni hesabu nyingine, na hapa ndipo viwanda vingi vidogo vinapoanguka kuanzia Novemba. Hekta moja ya uwanja wa saruji ikipata milimita 50 inashusha karibu mita za ujazo 500, zaidi ya siku 12 za maji yenu ya kawaida. Chimbeni mtaro kuzunguka uwanja, maji safi ya paa yapite nje bila kugusa bwawa. Hiyo ni kazi ya sururu na saruji, rahisi kuliko kila kitu nilichotaja, na bado watu huiacha mwisho.

Baada ya tangi la pili, tope likishachujwa, maji yatakuwa maangavu, lakini bado yana salfeti, mabaki ya asidi yenu, kama gramu moja na nusu au zaidi kwa lita, kwa kuwa chokaa haiiondoi yote. Kwa hiyo msiyapeleke bustanini hata kidogo. Yarudisheni kulowekea mawe, na kila wiki chunguzeni mabomba, maana jasi itayaziba hasa kwenye viungo na kona.