Maswali na Majibu: Gari Lenye Kilomita Nyingi na Ahadi za Muuzaji

Barua nyingi nilizopokea hivi karibuni zinafanana: msomaji amenunua gari lililotumika kwa mfanyabiashara wa magari, na kabla hajalizoea likaanza kumsumbua. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Nimenunua gari la otomatiki lenye kilomita 210,000. Siku ya tisa gia boksi ikaanza kuchelewa kushika, hasa asubuhi. Muuzaji anasema gari lililotumika halina dhamana, na kwamba nilisaini kulichukua kama lilivyo. Nifanye nini?

Kwanza acha kuliendesha. Gia boksi inayoteleza hupata joto kali, joto hilo huunguza oili na sahani za klachi zilizomo ndani, na kila safari unayoongeza inampa muuzaji nafasi ya kusema kwamba wewe ndiye uliyeiua. Pili, usikubali fundi yeyote aifungue kabla hujamwandikia muuzaji. Nasema kumwandikia, kwa sababu mazungumzo ya simu hayana ushahidi siku mtakapotofautiana. Taja tarehe ya mauzo, kilomita zilizosomeka siku hiyo na zinazosomeka leo, kisha ieleze dalili kama unavyoiona: ukiweka gia ya kurudi nyuma injini ikiwa baridi, gari linakaa sekunde tatu ndipo linashtuka na kusogea. Maelezo ya namna hiyo yana uzito kuliko kuandika tu kwamba gia boksi ni mbovu. Hifadhi tangazo alilolitoa, picha, na ujumbe wowote aliokutumia akilisifu gari, kisha mpe nafasi ya kulikagua, huku ukitafuta ripoti ya maandishi ya fundi asiye na uhusiano naye.

Kuhusu kulichukua kama lilivyo, maneno hayo hayana nguvu sawa kila mahali. Ziko nchi ambazo sheria haimruhusu mfanyabiashara kuyatumia kukwepa wajibu wa kumpa mnunuzi wa kawaida gari linalofaa kwa matumizi yake, na ziko nyingine ambazo humlinda kwa kiasi kikubwa. Wasiliana na ofisi inayowatetea walaji mahali ulipo kabla ya kukubali kwamba umeshindwa. Jambo utakaloulizwa kila mahali ni kama hii ni hitilafu au ni uchakavu wa kawaida. Bushi zilizolegea na breki pedi zilizokwisha katika gari la kilomita 210,000 ni uchakavu, na hutapata mtu wa kukuhurumia. Gia boksi inayokataa kushika siku ya tisa ni jambo jingine, maana ni vigumu kuamini kwamba ilikuwa nzima siku ya kwanza. Akikwambia kwamba dawa ni kubadilisha oili ya gia boksi, mwache abadilishe baada tu ya kukuandikia kwamba dalili ikirudi gharama ni yake.

Je, kilomita 200,000 ni nyingi mno?

Swali hili huja kila wiki bila jina la gari, bila mwaka na bila kumbukumbu za sevisi, kwa hiyo siwezi kulijibu, wala muuzaji anayekujibu kwa haraka asikuridhishe. Injini iliyobadilishiwa oili kwa wakati na kutembea safari ndefu inaweza kufika huko ikiwa na afya, na iliyopuuzwa hufa mapema zaidi. Uliza risiti za sevisi kwanza, ndipo uulize kilomita.

Nitajuaje kama mita ya kilomita imerudishwa nyuma?

Mita nyingi za kidijitali hubadilishwa kwa kifaa kidogo, bila kufungua skrubu hata moja, kwa hiyo usiwaamini wanaosema kwamba haziwezi kuchezewa. Tazama sehemu ambazo mwili wa dereva huzigusa kila siku. Raba ya pedali ya breki iliyolika upande mmoja mpaka chuma kikaonekana, usukani uliolainika na kung'aa, na ukingo wa kiti cha dereva uliobonyea havilingani na mita inayosoma kilomita 60,000. Tairi huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa kwa tarakimu nne, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019; tairi zilizotengenezwa miaka kadhaa baada ya gari lenyewe zinatia shaka kama mita inasoma kilomita chache. Kibandiko cha sevisi chenye kilomita za siku hiyo, kilichosahaulika ndani ya boneti au kwenye fremu ya mlango nacho kimewafichua wengi. Baadhi ya magari huhifadhi kilomita katika kompyuta zaidi ya moja, na fundi mwenye kifaa sahihi anaweza kuzilinganisha.

Muuzaji anasema mkanda wa taimingi ulishabadilishwa. Nimwamini?

Kama hana risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa na uubadilishe mara moja, kwa sababu katika injini nyingi mkanda huo ndio unaopatanisha mwendo wa pistoni na valvu, na ukikatika pistoni hugonga valvu na injini huharibika.

Taa ya injini iliwaka siku mbili baada ya kununua. Fundi wa muuzaji akaizima kwa kompyuta, sasa imewaka tena.

Hakutengeneza chochote. Alifuta kumbukumbu ya hitilafu, na hitilafu ikabaki palepale. Kila msimbo, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa, unapofutwa, kompyuta ya gari huanza upya majaribio yake ya ndani, na mengine hayakamiliki mpaka gari litembee siku kadhaa. Ndiyo maana kabla ya kulipa unapaswa kumtaka fundi wako asome misimbo na pia aangalie kama majaribio hayo yamekamilika. Majaribio mengi yakiwa bado, inawezekana betri ilichomolewa, lakini inawezekana vilevile kwamba mtu amefuta taa kwa ajili yako. Tangu mwaka 1996 magari mapya ya abiria yanayouzwa Marekani yanalazimika kuwa na mfumo huu wa kujipima na kuhifadhi misimbo, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba gari la miaka ya karibuni halisomeki. Kwako wewe, andika namba ya msimbo na umpelekee muuzaji leo.

Maji ya rejeta yanapungua lakini sioni yanapovuja.

Usiliwashe tena mpaka lipimwe kama gesi ya mwako inaingia kwenye maji, kwa sababu gasketi ya silinda hedi iliyoungua hutengenezeka, lakini hedi ikipinda kwa kuchemka bili huwa nyingine kabisa.

Nakwenda kukagua gari Jumamosi. Nianze wapi?

Mpigie muuzaji siku moja kabla na umwombe asiliwashe. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Niliwahi kufika mahali saa mbili asubuhi nikaikuta boneti ina joto, wakati niliambiwa gari halijasogea wiki nzima. Sikubishana naye. Nilirudi kesho yake kabla hawajafungua, nikasubiri mlangoni, na gari likawashwa mbele yangu likiwa baridi. Cheni ya taimingi iligonga kwa sekunde kadhaa kama sarafu ndani ya kopo, na bomba la moshi likatoa wingu la bluu, dalili kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Dakika tano baadaye, injini ilipopata joto, kelele ilikwisha na moshi ukatoweka, na mtu aliyefika wakati huo asingeona kasoro yoyote.