Nimepigiwa simu mara moja, kisha kimya

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Reading, Uingereza, nalea wazee zamu ya usiku. Tangu mama afariki Tanga nami nikashindwa kwenda kumzika, usingizi umenikimbia na moyo unanienda mbio hata nikiwa kwenye basi. Nilijiandikisha mwenyewe kwenye huduma ya serikali ya tiba ya mazungumzo. Haikuchukua mwezi, dada mmoja akanipigia, akaniuliza maswali ya namba na kunitumia vijitabu. Sasa miezi miwili kimya. Wamenitupa? Mume wangu anasema nikitaja namba kubwa zaidi nitawahishwa.
Mama wa wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Kujiandikisha bila kupitia kwa daktari ulifanya sawa, huduma hii inaruhusu.

Hawajakutupa. Mimi ni mkalimani katika huduma hizi, na hiki kimya nakijua. NHS, yaani huduma ya afya ya serikali huko, imejiwekea lengo kwamba watu 75 kati ya 100 waanze tiba ndani ya wiki 6, na 95 ndani ya wiki 18. Lakini hesabu ya wiki hizo husimama kwenye miadi ya kwanza ya tiba. Ile simu yenye vijitabu huenda imehesabiwa ndiyo mwanzo, kwa hiyo kwenye makaratasi yao wewe umeshahudumiwa! Ndiyo maana kuna kipimo kingine kisichotangazwa sana: wanaosubiri zaidi ya siku 90 kati ya miadi ya kwanza na ya pili wasizidi 10 kati ya 100. Basi ukipiga simu, usiulize tu "nitaitwa lini". Uliza miadi yako ya pili ni lini, na kama umepangiwa kujisomea kwa kuongozwa au kukaa na mtaalamu ana kwa ana. Hiyo ya kukaa na mtaalamu mara nyingi foleni yake ni ndefu zaidi.

La mume wako, hapana. Hayo maswali ya namba ni hojaji mbili, namba ikipanda ndivyo hali ilivyo mbaya: ya sonona ina maswali 9, juu kabisa ni 27, ya wasiwasi ina 7, juu kabisa ni 21. Sonona ikifika 10 au wasiwasi ukifika 8, unahesabiwa mgonjwa, na ukishuka chini ya hapo kwenye zote mbili, umepona. Ukizitia chumvi, unaweza kuambiwa hali yako inahitaji huduma nyingine, ukaanza foleni upya.

Ila ninaloliona zaidi kwa watu wetu ni kinyume chake. Sisi tukiulizwa hali hujibu "njema" hata tukiwa tumelala kitandani. Mama mmoja alijaza sifuri tupu, tulipotoka akaniambia, "Yule binti anayenitibu kajitahidi, nitamvunjaje moyo?" Hojaji hujazwa kila kikao, nazo ndizo wanazotazama kujua kama tiba inakufaa. Sema ulivyo.

Kama Kiingereza kinakuchosha, omba mkalimani, ni bure. Tafadhali usimkalishe mume wala binti yako hapo. Swali la 9 la hojaji ya sonona linauliza kama umewaza ni heri ufe au kujidhuru, na hutalijibu kweli mbele yao. Wazo hilo likikujia zamuni usiku, usingoje miadi: piga 111, kisha bonyeza 2. Na ukiona unataka kujidhuru saa hiyohiyo, piga 999.