Waya wa spika wa bei kubwa, nakala yake, na shaba ya kawaida

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba una amplifaya ya wati 100 kwa kila upande na spika mbili za omu 8 sebuleni kwako Shangani, Mtwara. Muuzaji mmoja anakushauri ununue waya wa mita tatu wenye jina kubwa la nje, ambao bei yake inakaribia ya spika zenyewe, na mwingine anakuuzia wenye jina lilelile na vazi lilelile la nyuzi zilizosukwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Umeuliza uchukue upi. Mimi ni fundi wa vyombo vya muziki hapa Mtwara, nimefunga mitambo ya harusi na vipaza sauti vya misikitini kuanzia Mikindani hadi Newala, na ushauri wangu ni kwamba usichukue hata mmoja kati ya hizo mbili.

Kazi ya waya wa spika ni kupitisha umeme kutoka kwenye amplifaya bila kuupunguza, na kinachoamua kama utaifanya kazi hiyo ni metali yake, unene wake na urefu wake. Shaba ya 2.5 (unene wa milimita 2.5 za mraba), ile ile ambayo mafundi umeme hupitishia soketi za nyumba, ina ukinzani, yaani uzuiaji wa umeme, wa takriban omu 7 kwa kilomita. Kwa mita tatu za kwenda na tatu za kurudi unapata kama omu 0.04, mbele ya spika ya omu 8. Kiasi cha sauti kinachopotea hapo hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, na sijui sikio la binadamu linaloweza kulitambua hilo katika muziki. Kinyume chake, ukisogeza kiti chako nusu mita katika chumba chenye kuta za saruji na dari tupu, besi hubadilika kwa desibeli kadhaa.

Muuzaji wa kwanza atakuambia kwamba waya wake ni wa shaba isiyo na oksijeni. Hilo linaweza kuwa kweli kabisa. Lakini shaba ya kawaida ya nyaya za umeme ina usafi wa asilimia 99.9, ile nyingine asilimia 99.99, na tofauti yao katika kupitisha umeme ni kama asilimia moja, ambayo unaweza kuifidia kwa kukata sentimita chache za waya. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyejulikana kwa kuchunguza madai ya ajabu, aliahidi dola milioni moja kwa atakayeweza kutofautisha kwa kusikia tu nyaya za Pear Anjou, zilizouzwa dola 7,250, na nyaya nzuri za kawaida. Jaribio hilo halikuwahi kufanyika.

Sisi hapa tumelifanya la kwetu, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu wateja hufika na imani hiyo na ni haki yao kujibiwa kwa vitendo. Mwenzangu hukaa nyuma ya shuka iliyotundikwa, akabadilisha nyaya au akaziacha bila kusema neno, na msikilizaji husikia wimbo uleule kwa kiwango kilekile kilichopimwa kwa mita ya umeme kwenye ncha za spika. Kipimo hicho ni cha lazima, maana sauti iliyozidi kidogo tu huonekana kuwa bora. Majibu sahihi hayajawahi kuzidi yale ambayo mtu angepata kwa kubahatisha. Shuka ikiondolewa, watu walewale husikia uwazi na upana katika waya mnene wenye vazi la kupendeza. Siwahesabu kuwa waongo hata kidogo, kwa kuwa kusikiliza huku unaona na unajua bei ndivyo kulivyo kwa kila mtu, mimi nikiwemo.

Sasa nakala, yaani ule waya wa bei ndogo wa muuzaji wa pili, ambayo kwangu ni jambo zito zaidi, kwa sababu huku kwetu ndiyo inayowaumiza watu. Fedha za korosho zinapoanza kutoka, nyaya hizi hujaa sokoni na hufika mpaka Tandahimba na Masasi. Waya wa bei kubwa unakudanganya kuhusu sauti, lakini ndani una shaba. Nakala huiga vazi na jina tu. Nimekata nyingi na kukuta nyuzi za alumini zilizopakwa shaba juu, tena chache, huku plastiki nene ikiujaza mwili wa waya. Nimekuta waya ulioandikwa 2.5 ambao haukuwa na zaidi ya nusu milimita ya mraba. Waya wa namna hiyo ukivutwa mita 20 mpaka uwanjani kwa ajili ya ngoma, ukinzani wake hufikia kama omu 2, na kwenye spika ya omu 4 theluthi ya nguvu hubaki njiani. Mwenye sherehe huongeza sauti mpaka amplifaya inakwaruza, kisha twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinaungua.

Kuugundua ni rahisi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe dukani. Uzi ukishika sumaku, ndani kuna chuma. Roli la shaba ni zito pia, kwa kuwa alumini haifikii hata theluthi ya uzito wa shaba kwa ujazo uleule.

Kwa sebule yako nunua mita saba za waya pacha wa shaba wa 2.5 kwenye duka la vifaa vya umeme. Tahadhari yako iwe kwenye maungio. Upepo wa bahari hapa Shangani huleta ukungu wa kijani kwenye shaba iliyo wazi, na alumini iliyobanwa kwenye shaba nyeupe (brasi) huliwa upesi zaidi. Tia solda kwenye ncha au kata sehemu iliyochakaa, kaza upya kila baada ya masika, na hakikisha hakuna uzi unaogusa ncha ya pili, kwani hapo ndipo amplifaya huungua kweli. Nyaya za kuingizia mawimbi kutoka kwenye simu au mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ni suala jingine. Hizo zinahitaji kinga nzuri dhidi ya mvumo, na bado si za bei ya kutisha. Fedha itakayobaki nunulia mapazia mazito.