Mifupa saba ya tundu la jicho: nilivyoishika mimi

Juzi mwanafunzi wa utabibu kutoka Lamu aliniandikia: "Dada, mifupa ya tundu la jicho hainikai kichwani. Wewe uliiwezaje?" Swali lenyewe ndilo nililokutana nalo kwenye mtihani wa mdomo, na hakuna darasani aliyelijibu kunishinda. Nalisema hili kwa fahari, maana mwalimu mmoja alikuwa ameshaniambia mbele ya wenzangu kuwa msichana wa Malindi akauze samaki. Mpaka leo maneno yale yananiuma.

Orodha sikuikariri. Nilikwenda ukuta kwa ukuta. Juu ni mfupa wa paji, na nyuma kabisa bawa dogo la sfenoidi, mfupa wa ndani ya fuvu wenye mabawa madogo na makubwa. Chini, sehemu kubwa ni taya la juu, pamoja na mfupa wa shavu na kipande kidogo cha mfupa wa kaakaa. Ukuta wa nje, ulio imara kuliko yote, ni mfupa wa shavu na bawa kubwa la sfenoidi. Upande wa pua kuna mfupa wa machozi, mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, kisha ethmoidi, mfupa mwembamba ulio kati ya pua na jicho.

Hiyo ethmoidi niliielewa siku nilipoinua fuvu halisi dirishani. Jua la alasiri lilipenya ule ukuta, na vyumba vya hewa vilivyo nyuma yake vikaonekana kwa vivuli. Tangu hapo sihitaji kuambiwa kwa nini huvunjika upesi.

Basi mdogo wangu, soma kwa vidole. Pitisha kidole kwenye ukingo wa juu wa jicho lako ukianzia puani. Wengi wetu tuna kipengo pale, njia ya neva (mshipa wa fahamu) iendayo kwenye paji. Chini ya ukingo wa chini hutokea neva ya shavu. Kijana aliyepigwa kiwiko kwenye mpira wa ufukweni aliponiambia shavu limekufa ganzi na akitazama juu aona viwili viwili, papo hapo nilishuku kuwa sakafu ya tundu la jicho imevunjika, nikamkataza kupenga kamasi, hewa isije ikasukumwa ndani ya tundu.

Vijana wa Pwani, someni! Akili tunazo, msikubali kuambiwa vingine. Shikeni fuvu, ulizeni, rudieni.

Kuta zikishakaa, ingia kwenye njia ya neva ya kuona, ndani ya bawa dogo, halafu ufa wa juu ulio kati ya mabawa mawili: hapo, kati ya neva zitokazo ubongoni, hupita ya 3, ya 4, ya 6 na tawi la kwanza la ya 5.