Lebo ya Pilipili ya Chupa

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi na dada yangu tunatengeneza pilipili ya embe na ukwaju hapa Wete, na tunataka kuipeleka Unguja. Tumechorewa lebo yenye karafuu, dau, mnara na pilipili nne. Je, inafaa?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam. Kwa maoni yangu picha zimezidi, kwa kuwa lebo ya chupa ndogo husomwa na mtu aliyesimama mbele ya rafu, na jicho lake likikosa pa kutulia, mkono huenda kwenye chupa ya pili. Karafuu ni fahari ya Pemba, lakini kama haimo chupani, mnunuzi ataitafuta ladha yake na kuikosa. Bakisheni embe na pilipili moja, jina liwe kubwa kuliko picha, na maneno “Kutoka Pemba” yakae chini yake.

Pilipili ikichuruzika shingoni mwa chupa, karatasi ya kawaida hulowa na wino kutawanyika. Kabla ya kuchapisha nyingi, bandikeni stika moja ya plastiki, ipakeni mafuta na siki, kisha isugueni kwa kidole.

Nyuma andikeni viambato, mkianza na chenye uzito mkubwa, pamoja na ujazo, tarehe za kutengenezwa na za mwisho wa matumizi, na anwani yenu. Alama ya ubora ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, msiiweke kabla ya kuidhinishwa. Jina lisajilini mapema BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar. Mkifika Tanzania Bara, mtalisajili tena BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa huko.