Kuhusu lile swali lako la uhuru

Mwanangu, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma nikakaa nao siku nzima. Unasema huko Nairobi wenzako wa kazini wanakuambia wao walimwaga damu na Mau Mau, sisi Tanganyika tulipewa tu uhuru mezani, zawadi ya Mwingereza, na unataka mama yako nikwambie kama ni kweli.

Mimi kabla ya kufika 1961 nataka kwanza tujue nani alianza kuumia, maana hapo ndo watu wanaparuka. Unajua bibi yako ni wa Ngare Nanyuki, huku kwetu Meru ya Arusha, siyo ile Meru ya Kenya, na Novemba 1951 askari walipokuja alikuwa binti mdogo. Serikali ilishafuata ripoti ya Jaji Wilson kwamba ile ardhi kati ya Meru na Kilimanjaro iwe ya wazungu tu, wafuge ng'ombe wao, na Wameru karibu 3,000 wakatolewa wahamie Kingori, nyumba zikachomwa. Bibi yako moto hausimulii sana, anasimulia sufuria ya makande, mama yake alikuwa ameinjika tangu alfajiri, maharage hayajaiva, wakaambiwa tokeni, akaifunga na kanga akapanda nayo kwenye lori na watoto wakatafuna yale mahindi magumu hivohivo njiani.

Afu wakaletewa fidia, wakaikataa! Hapo huwa nasikia raha mpaka leo. Walitoa hela zao wenyewe, wakachangishana wakampeleka Kirilo Japhet, Mmeru mwenzao, mpaka New York mwaka 1952, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, na Earle Seaton yule wakili wa kutoka Bermuda aliyekuwa anafanya kazi Moshi akiwasaidia. Walijua Tanganyika ni nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Mwingereza kakabidhiwa tu na ana mahali pa kuulizwa. Sasa hiyo si siasa? Aliyechanga ndo mwenye safari, nimewaambia tangu mko wadogo wewe na kaka yako.

Shuleni nilishaulizwa kwenye mtihani harakati za kudai uhuru zilianza lini. Nikaandika 1951, Meru. Mwalimu akapiga mkasi mwekundu mpaka karatasi ikachanika, pembeni akaandika 1954, TANU. Nikasimama nikamwambia mama yangu alikuwepo, alitolewa kwao, akanijibu hadithi za nyumbani ziishie nyumbani, darasa zima likacheka. Nilikaa chini mwanangu. Nina wajukuu sasa na bado inaniuma, maana hakusema nimekosea mwaka, alisema mama yangu si historia.

Ingawa nikitulia naona naye alikuwa na hoja. Kesi ya Wameru ilikuwa ya Wameru, TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ndo Msukuma na Mmakonde na Mchaga wakawa na dai moja. Na tusidanganyane, Kirilo hakurudi na ardhi, kura za Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa hazikufika theluthi mbili. Kwa hiyo walishindwa? Sijui nisemeje, maana aliporudi alizunguka akiwasimulia watu kwamba Mwingereza anashtakika, na 1955 Nyerere alipokwenda hukohuko Umoja wa Mataifa njia ilishapitwa na mtu wa hapa kwetu, na yeye pia nauli yake ilichangwa. Aliyechanga ndo mwenye safari, narudia.

Damu ya Mau Mau siidharau, usije ukabishana nao kwa hilo. Wenzetu walinyang'anywa ardhi kubwa zaidi na walowezi walikuwa wengi, na walowezi wakiwa wengi hawaondoki kwa maneno. Sisi walikuwa wachache na Umoja wa Mataifa ulikuwa unatazama, hiyo nayo ilitubeba, lazima tukubali.

Sasa ilikuwa zawadi au haikuwa? Jibu linanikaa mdomoni kabisa hapa, ila wewe ni mtu mzima na ulisoma kuliko mimi, amua mwenyewe. Lakini ukiamua kwamba ilikuwa zawadi, ukija Krismasi kaa na bibi yako umwambie wewe, mimi simwambii.

Mama